Kioo cha Kando ya Nguzo

Mlango wa kuzunguka haukutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye fimbo ndefu, na Dada Kioo aliligundua hilo akiwa tayari yumo ndani yake. Mkono mmoja kashika ndoo, begani kaning'iniza mkoba wa vitambaa, kwapani kabana ile fimbo yake ya kuoshea madirisha ya juu, ambayo hata ikikunjwa yote ilimpita kimo. Kichwa cha fimbo kikaingia, mkia ukabaki nje, mlango ukalia krrr, ukasimama. Katika chumba cha nyuma cha mlango huo huo, kijana mmoja aliyekuwa anakuja kwa kasi akagonga pua kwenye kioo.

Ilikuwa ile saa ya asubuhi ambayo mji mzima unaingia kazini kwa mkupuo. Mbele, ukumbi wa jengo ulijaa watu wa tai na viatu vya visigino, na wote waligeuka kutazama. Nyuma, foleni ilifika barabarani, na kila mtu alikuwa na mkutano ambao bila yeye hauanzi. Mlinzi alikuja taratibu, akauchungulia mlango, akakuna kichwa, akaenda kumwita mlinzi mwenzake.

Dada Kioo akageuka kumtazama aliyekwama naye. Akaona ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, mikanda minene kiunoni na mapajani, kamba imeviringishwa begani kama nyoka aliyeshiba, na juu ya hayo yote uso wa mtu anayejizuia kucheka. Pua yake ilikuwa imeacha doa la mafuta kwenye kioo. Sasa Dada Kioo hana uwezo wa kuona doa kwenye kioo akalipita, ndivyo alivyoumbwa. Akachomoa kitambaa mkobani, akaanza kulisugua.

"Hilo doa liko upande wangu," kijana akasema kupitia upenyo. "Utasugua mpaka jioni."

"Basi lifute mwenyewe. Mwenye pua ni wewe."

"Tutoke kwanza. Vuta fimbo kulia."

Akavuta kulia. Fimbo ikazidi kujibana, na watu wa nyuma wakaguna.

"Kulia kwangu, dada."

"Na mimi nitajuaje kulia kwako, nawe umenikodolea macho hivyo?"

Akavuta upande wa pili. Mlango ukaachia ghafla, ukawatema wote wawili ndani ya ukumbi, ndoo ikabingirika mpaka miguuni pa dada wa mapokezi. Bahati nzuri haikuwa na maji. Kijana aliiokota, akaileta kwa adabu kama mtu anayekabidhi zawadi ya arusi, akauliza anakwenda ghorofa ya ngapi na vyombo vyote hivyo.

Dada Kioo akamwambia anakwenda kwa meneja wa jengo, kwenye kikao cha zabuni ya kuosha vioo.

Kijana akatazama ndoo. Akatazama fimbo. Akacheka kwa sauti, lakini kicheko chake hakikuwa na dharau.

"Basi tunakwenda pamoja," akasema. "Mimi ni mshindani wako."

Wenzake walimwita Mjusi, kwa kuwa tangu utotoni ukuta wowote ulikuwa ngazi kwake. Alikuwa mtu wa kamba katika kampuni ya baba yake mdogo, kampuni yenye magari yaliyopakwa rangi na jina kubwa ubavuni, ambayo ndiyo iliyoosha karibu kila ghorofa refu la mji ule. Baba mdogo ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtundika kwenye kamba ya kwanza. Mjusi aliyasema hayo ndani ya lifti, huku Dada Kioo akiwa ameshika fimbo yake wima na watu wenye suti wakiikwepa kama mkia wa farasi.

Naye Dada Kioo je? Jina hilo alipewa na wenye maduka wa mtaani kwao. Alikuwa mfagizi wa hotelini, wa vyumba na korido, mpaka siku moja alipogundua kwamba katika kazi yote ile kilichompendeza ni madirisha peke yake: kile kitambo ambapo unapangusa mara ya mwisho na nje inaingia ndani. Akaacha kazi. Akaanza na duka la miwani, likafuata la dawa, kisha saluni mbili zinazotazamana na zinazochukiana. Mtaa mzima ukang'aa. Lakini maduka hayakutosha kumlisha mtu, na msimamizi wake wa hotelini, mama mwenye huruma, alikuwa amemwambia wazi: nafasi yako nakushikia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo naleta mwingine. Ndiyo maana kikao kile kilikuwa kila kitu kwake. Akipata kazi ya jengo lile, hata kipande chake, yeye ni mwosha vioo. Akikosa, yeye ni mfagizi wa korido aliyewahi kuota.

Meneja wa jengo alikuwa mama wa makamo, gauni la kijivu lililonyooka kama rula, viatu vya chini, na mwendo ambao uliwafanya wenye matumbo makubwa kuhema. Aliwazungusha wazabuni jengo zima, ndani na nje, akieleza bila kugeuka nyuma. Kazi imegawanywa sehemu mbili. Ya chini, kuanzia ukumbini mpaka roshani kubwa, ambayo fimbo inafika. Ya juu, kutoka roshani hadi paa, ambayo ni ya kamba. Mtu anaweza kuomba moja, anaweza kuomba zote. Wazabuni wengine walipoona Dada Kioo anaandika kwamba anaomba ya chini tu, mmoja alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kama siku hizi zabuni zinatolewa hata sokoni. Dada Kioo aliendelea kuandika. Masikio yalikuwa yanawaka moto, lakini alimaliza mstari wake.

Walipofika roshani, baba mdogo, mzee mnene mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni, alimtuma Mjusi paani kukagua vyuma vya kufungia kamba. Mjusi akaenda. Na ni hapo, yeye akiwa juu anapimapima vyuma, Meneja alipotoa maelezo ya jaribio. Siku itakayopangwa, kila mzabuni atapewa kioo kimoja hapo roshanini akioshe, nje na ndani. Kioo cha jirani yake kisiguswe kabisa, kibaki na vumbi lake lote, ili kamati ikija asubuhi ya pili ione tofauti kwa macho yake. Wote wakaitikia. Mjusi aliporudi chini akakuta watu wanatawanyika, akawahi tu kumwomba Dada Kioo namba ya simu.

Jioni ile simu ya Dada Kioo ikaita.

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye pua."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, na shangazi yake aliyekuwa kwenye cherehani akaacha kukanyaga pedali ili asikie vizuri. Walikuwa wanaishi wawili, yeye na shangazi, dada wa marehemu baba yake, katika vyumba viwili ambavyo kimoja ni karakana ya ushonaji. Shangazi ndiye aliyemshonea aproni yenye mifuko ya kila kitu, na ndiye aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu.

Basi simu zikawa ndiyo desturi. Asubuhi kabla ya kazi, mchana wa kupumzika, jioni. Walikubaliana kwamba bei haizungumzwi, hata kwa mzaha, maana kila mmoja ana kampuni yake. Yaliyobaki yote yalizungumzwa. Mjusi alipenda kumpigia akiwa ananing'inia. Upepo ulisikika kwenye simu kama mtu anayepuliza chupa. Angemwambia kuna ndege ameniangalia vibaya, au hapa ndani kuna mzee amelala juu ya meza mdomo wazi, nikigonga kioo ataruka mpaka darini. Dada Kioo angemwambia ashike kamba kwa mikono miwili na aache umbea wa madirishani.

"Nikianguka utalia?"

"Nitaosha pale ulipoangukia. Sipendi madoa."

Siku moja walikutana kwenye bustani nyuma ya posta. Dada Kioo alivaa gauni la njano ambalo shangazi alilimaliza kushona asubuhi ile, limebana kiunoni na kufunguka magotini, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Mjusi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, kola imesimama, viatu vinang'aa, na hakujua aweke wapi mikono yake kwa kuwa ilizoea kamba. Walikunywa soda kwa mirija. Mjusi akaomba aitazame mikono ya Dada Kioo, akaiona ilivyokauka na kupasuka kwa sabuni, akainyoosha yake kando. Ilikuwa mibaya zaidi. Wakacheka mpaka mtoto wa benchi la jirani akaanza kucheka nao bila kujua sababu.

"Siku moja nitakuja kuangalia unavyofanya kazi," Mjusi akasema.

"Utajifunza kitu."

"Una majivuno wewe."

"Subiri uone kioo changu cha jaribio. Utakiona tu, huhitaji kuonyeshwa."

Siku ya jaribio alikipata kioo chake kando ya nguzo. Kilikuwa kimekula mvua na moshi mwaka mzima. Aliloweka, akasugua pembeni kwa brashi ndogo, akakwangua rangi iliyodondoka wakati wa ujenzi na kusahauliwa, akapangusa kwa kifutio cha mpira kutoka juu kwenda chini kwa mkono mmoja usiokatika. Akaingia ndani, akafanya vile vile. Alipomaliza, akiwa bado amesimama koridoni upande wa ndani na kioo kimetoweka machoni pake kama hakipo, alimpigia Mjusi akamwambia: kimeisha, mpenzi. Kile cha kando ya nguzo, upande wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja.

Asubuhi ya pili alifika akiwa amevaa aproni mpya, shangazi kaitarizi mfukoni. Kamati ilikuwa watu watatu na Meneja mbele. Walipita kioo cha kwanza, wakaona tofauti na jirani yake, wakaandika. Kioo cha kampuni ya baba mdogo, wakaandika. Wakafika kwenye nguzo.

Meneja akasimama. Akasogea, akarudi nyuma.

"Hapa sioni tofauti," akasema.

Dada Kioo akatazama. Kioo chake kiling'aa. Na kioo cha jirani yake, kile cha vumbi, kile ambacho hakutakiwa kukigusa, nacho kiling'aa. Vyote viwili safi kama macho ya mtoto.

Alisema hakukigusa. Mjumbe mmoja akamuuliza, kwa upole uliouma kuliko ukali, kama labda hakuelewa maelezo. Hapo mlinzi wa roshani akajisogeza, akasema kwa kweli alfajiri alimwona yule kijana wa kamba wa kampuni ile kubwa, alikuja kujaribu kamba zao, akashuka mpaka hapa penye nguzo, akafuta kioo kwa nje, akamwomba mlinzi amfungulie akafuta na ndani, kisha akaondoka anapiga mluzi.

Anapiga mluzi. Neno hilo ndilo lililomchoma. Kamati iliendelea mbele, yeye akabaki pale na simu mkononi.

Mjusi alipokea mara moja, upepo nyuma yake, sauti imejaa furaha. Akauliza wameonaje.

"Umetumwa na baba yako mdogo, au ni wazo lako?"

"Wazo gani tena, bibie?"

"Kioo cha nguzo. Umekifuta hukukifuta?"

"Nimekifuta, ndiyo. Nilitaka kukusaidia..."

"Ahsante. Umenisaidia kurudi hotelini. Sasa chezea kamba yako vizuri na usinipigie tena."

Akakata. Simu ikaita, ikaita, akaizima. Akashuka kwa ngazi, maana hakutaka kusimama na watu kwenye lifti, na mlango wa kuzunguka aliupita bila shida yoyote, fimbo imelala sawasawa. Hilo nalo likamliza.

Nyumbani alimwambia shangazi yote. Shangazi alisikiliza huku ameuma pini mdomoni, akazitoa moja moja, akasema yeye haelewi jambo moja: mtu anayekuja kukuharibia, anakuja na mlinzi anamtazama, anaomba afunguliwe mlango, halafu anaondoka anapiga mluzi? Mharibifu gani mjinga hivyo? Dada Kioo akajibu kwamba shangazi hawajui wanaume wa siku hizi. Shangazi akasema anawajua wa siku zote, ni wale wale.

Kesho yake akafua sare ya hotelini, akaianika. Bado ilikuwa inadondosha maji aliposikia simu ya shangazi inaita chumbani, maana yake mwenyewe alikuwa hajaiwasha. Namba ya shangazi ndiyo aliyoandika kwenye maombi kama namba ya pili.

Alikuwa Meneja. Alisema ofisini kwake ameingia kijana mwenye mikanda kiunoni, na nyuma yake baba yake mdogo aliyemfukuzia ngazi nzima, na wote wanasema kwa wakati mmoja. Akasema yeye hapendi mambo asiyoyaelewa ndani ya jengo lake. Njoo.

Shangazi tayari alikuwa anavaa viatu.

Ofisi ya Meneja ilikuwa pembeni kabisa, kuta mbili za kioo, mji mzima umetandazwa chini. Mjusi alisimama katikati ya zulia kama mtuhumiwa, kofia yake ngumu mkononi, macho mekundu. Alipomwona Dada Kioo akaanza na kumwamkia shangazi. Shangazi akaitikia kwa heshima zote, akamkagua kutoka utosini hadi unyayoni, akakaa.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa na maneno. Tangu lini mtu anachukua sabuni ya kampuni, kamba ya kampuni, alfajiri ya kampuni, akaenda kumfutia mshindani kioo? Na sasa kaja mwenyewe kujitangaza, ili kampuni ionekane ya wahuni? Alikuwa amemfuta kazi ngazini, ghorofa mbili chini ya pale, na alikuwa tayari kumfuta tena.

Meneja akainua mkono. Akamtaka kijana aeleze, polepole, mwanzo mpaka mwisho.

Mjusi akaeleza. Yeye habari za kioo cha kulinganisha hakuzisikia, alikuwa paani. Jana tu, baada ya simu kuzimwa, ndipo mwenzake aliyeosha kioo cha kampuni alipomwambia. Alichojua ni kwamba kioo cha huyu dada kiko kando ya nguzo, upande wa kulia. Alfajiri akashuka na kamba, akatazama kulia kwa nguzo, akaona kioo.

"Kulia ukiwa ndani," Dada Kioo akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza.

"Mimi nilikuwa nje."

Hata baba mdogo akaonekana anageuza kichwa huku na huku, akipima kulia kwake. Dada Kioo alihisi hasira yake yote inatafuta pa kushika na kuteleza. Hakutumwa. Hakuharibu. Alikosea upande tu, kama walivyokosea siku ya kwanza mlangoni. Alikuwa karibu kulia kwa furaha. Halafu jambo lingine likamjia, taratibu, na nyusi zikapanda.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe ulikuta kioo kichafu, kina matope ya mwaka mzima, kina rangi, kina kinyesi cha ndege. Ukadhani ile ndiyo kazi yangu?"

Mjusi akatazama kofia yake.

"Nijibu."

"Nilijua bado mgeni wa kazi."

"Mgeni wa kazi. Kinyesi cha ndege, Mjusi."

"Nilishangaa kidogo," akakiri. "Kwa yale majivuno ya bustanini, nilishangaa. Lakini nikasema huyu ndiye wangu, mkono wake ni mbaya, basi. Nikifute wasimcheke. Mengine nitamfundisha polepole, tuna maisha mazima."

Shangazi alianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi atoe leso. Baba mdogo alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa. Dada Kioo alisimama pale na mashavu yanawaka, hajui amkumbatie mtu huyu au ampige na ndoo, na aliona wazi kwamba hakuna mwanamume mwingine duniani ambaye angemwona ni mbovu kiasi hicho na bado akaondoka anapiga mluzi.

Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hayo ya maisha mazima mtayamalizia nje," akasema. "Mimi nataka kuona kioo. Sasa hivi, mbele yangu."

Baba mdogo akaanza kusema kwamba utaratibu hauko hivyo. Meneja akamkumbusha kwamba mtu wa kampuni yake ndiye aliyevuruga jaribio la mwenzake, na kama anataka kuzungumzia utaratibu, yeye ana muda wa kutosha. Baba mdogo akakumbuka ghafla kwamba kwa vijana makosa ni ya kawaida.

Vioo vilivyobaki vichafu roshanini vilikuwa vya upande wa jua, na jua lilikuwa kali. Kila mwosha vioo anajua maana yake: sabuni inakauka kabla hujaifikia, na kioo kinabaki na michirizi kuliko kilivyokuwa. Mjusi akapiga hatua mbele bila kufikiri. Meneja akamtazama. Akarudi, akaweka mikono nyuma, akaishikilia mkono kwa mkono kama watu wawili wanaozuiana.

Dada Kioo hakuwa na ndoo yake, akaazimwa ya wafagizi wa jengo. Akaonja maji kwa kidole, akaomba ya baridi zaidi. Akamwomba shangazi afungue mwavuli wake, ule mkubwa wa maua, asimame hapa, asogee, hapo hapo. Kivuli kikaanguka juu ya kioo. Akaloweka kipande kidogo tu, akapangusa, akahamia kipande kingine, na shangazi akahama na mwavuli, wote wawili wakienda pamoja hatua kwa hatua kama wanaocheza dansi moja la zamani. Hakuharakisha. Mkono ulianza juu ukafika chini bila kukatika. Jasho lilimtiririka mgongoni na moyo ulidunda mpaka kwenye masikio, lakini ndani ya moyo huo kulikuwa na kitu kinachopiga makofi. Alikuwa anafanya kazi aipendayo, juu ya mji mzima, na watu wake wawili wanamtazama.

Akapangusa ukingo wa chini kwa kitambaa kikavu. Akasogea.

Meneja akaja. Kioo cha jirani kilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Hiki kilikuwa hakipo. Alinyoosha kidole, akakigusa ili ahakikishe, kisha akaona doa la kidole chake, na kabla hajasema samahani Dada Kioo alikuwa ameshalifuta.

"Nimeona," Meneja akasema. Akaandika.

Baba mdogo naye aliona. Alibaki pale kitambo baada ya wote kuondoka, akipitisha jicho kwenye pembe, mahali ambapo waosha vioo wavivu huficha uvivu wao. Mwishowe akamwambia Mjusi, bila kumtazama, kwamba Jumatatu kuna jengo la benki, asichelewe. Kufutwa kazi kukaishia hapo.

Majibu yalikuja mwisho wa mwezi ule ule, Dada Kioo akiwa juu ya stuli katika duka la miwani. Sehemu ya juu imekwenda kwa kampuni ya baba mdogo. Sehemu ya chini, ndani na nje, ni yake. Hakupiga kelele. Alishuka, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaomba Meneja arudie. Meneja akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa na tabasamu. Simu ya pili alimpigia msimamizi wa hotelini, akamshukuru, akamwambia ile nafasi ampe mwingine. Ya tatu alimpigia mwenye pua, ambaye alipiga yowe huko juu alikokuwa mpaka watu wa ndani ya benki wakakimbilia madirishani.

Siku ya kwanza ya kazi walianza asubuhi pamoja, yeye chini, Mjusi juu, na haikupita saa wakagombana. Maji machafu ya juu yalikuwa yanadondokea vioo alivyokwisha kuosha. Dada Kioo alimpigia simu akamwambia anamharibia, na safari hii hawezi kusema alikuwa anasaidia. Mjusi akamwambia kazi huanzia juu, kila mtu anajua, ni yeye aliyewahi mno kwa kiherehere. Ilikuwa kweli, na hilo halikumfurahisha. Akaingia ndani kuanza na upande wa ndani, akifoka peke yake.

Alikuwa anapangusa kioo cha mwisho cha sehemu yake, kile cha juu kabisa kinachopakana na roshani, kando ya nguzo, alipoona buti mbili zinashuka nje. Zikafuata magoti yaliyopauka, mikanda, kamba, na mwisho ile sura. Mjusi alikuwa amefika mwisho wa sehemu yake. Akatulia pale, ananing'inia, kioo kati yao, amelowa chapachapa, amejaa sabuni mpaka kwenye nyusi. Akatoa simu kifuani. Ya Dada Kioo ikaita.

"Bado umekasirika?"

"Sana."

"Nimezungumza na baba mdogo. Anauliza tunaweza kuja lini kwa shangazi yako. Anasema tuje rasmi, amevaa koti, na azungumze yeye, kwa sababu mimi nikifungua mdomo naharibu."

Dada Kioo aliweka kiganja kwenye kioo. Mjusi akaweka chake upande wa pili, pale pale, kikubwa kuliko chake pande zote, kikaacha alama ya mapovu.

"Unaniomba nini, Mjusi? Sema vizuri. Korido imejaa watu wa ofisi, wote wameacha kazi wanatutazama."

"Nakuomba uwe mke wangu. Na naomba unifundishe kuosha kioo kwenye jua, kwa sababu vile sijawahi kuona."

Nyuma yake korido ilizidi kujaa. Akahisi joto la kiganja likipita kwenye kioo, au alidhani linapita, haidhuru.

"Njooni Jumapili baada ya saa nane," akasema. "Shangazi atakuwa amemaliza kushona gauni langu. Mkifika kwenye duka la dawa kateni kona, nyumba yetu ni ya pili upande wa kulia."

Mjusi akakunja uso kama mtu aliyeulizwa hesabu, nywele zinadondosha maji.

"Kulia kwa nani?"

"Kulia kwangu," Dada Kioo akasema, na akaanza kufuta machozi kwa kitambaa kile kile cha kioo. "Kuanzia leo, ukisikia kulia, ni kwangu."